Al-Azhar na Mkate Wake: Nani Aliyekuwa Akiwalisha Maulamaa?

Kila inapotajwa Al-Azhar, jambo la kwanza kusemwa ni umri wake. Huelezwa kwamba msikiti huo wa Cairo umesomesha kwa zaidi ya miaka elfu moja bila kukoma, kwamba ndio ngome ya Usunni, na kwamba tawala zilikuja zikaondoka huku wenyewe ukibaki palepale. Katika maelezo hayo mna ukweli mwingi, lakini mna pia mambo yanayofunikwa na fahari. Al-Azhar haikuanza ikiwa ya Kisunni, ilipitisha karibu karne nzima bila hotuba ya Ijumaa, na nguvu ya maulamaa wake ilipanda na kushuka kwa sababu ambazo mara nyingi hazikuhusiana na elimu. Kwa maoni yangu, anayetaka kuielewa historia hiyo hana budi kuuliza swali ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka kwa kuliona ni la tumbo: mkate wa mwanafunzi ulitoka wapi, na nani alikuwa na uwezo wa kuuzuia?

Msikiti huo ulijengwa na washindi wa vita. Jemadari Jawhar al-Siqilli aliiteka Misri mwaka 969 kwa niaba ya al-Mu'izz, khalifa wa Kifatimi ambaye wakati huo alikuwa bado yuko Afrika Kaskazini, akauanzisha mji wa Cairo, na mwaka uliofuata akaanza kuujenga msikiti wake mkuu. Sala ya Ijumaa ya kwanza ilisaliwa humo katika Ramadhani ya mwaka 972. Wafatimi walikuwa Mashia wa Kiismaili ilhali Waislamu wengi wa Misri walikuwa Masunni, kwa hiyo mimbari ya msikiti huo ilikuwa na kazi ya kisiasa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa jina lililotajwa katika hotuba ndilo lililowajulisha watu nani anatawala. Mwaka 975 Ali bin al-Nu'man aliketi humo kusomesha fikihi ya Kiismaili iliyotungwa na baba yake, Kadhi al-Nu'man, na darsa hiyo ndiyo inayohesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa chuo.

Mimi ningeusogeza mwanzo huo mbele kwa miaka kumi na mitatu. Darsa ndani ya msikiti halikuwa jambo geni, kwani msikiti wa Amr bin al-As huko Fustat ulikuwa na duara za masomo kabla mji wa Cairo haujakuwepo. Jambo jipya lilitokea mwaka 988, pale waziri Yaqub bin Killis, Myahudi wa Baghdad aliyesilimu na kupanda hadi kuwa mshauri mkuu wa dola, alipomwomba Khalifa al-Aziz awapatie mafakihi 35 posho ya kudumu na nyumba ya kukaa karibu na msikiti. Kuanzia hapo palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa ni elimu, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha. Lakini mfuko ulikuwa mmoja, nao ulikuwa wa kasri. Hata hati ya wakfu iliyotolewa na Khalifa al-Hakim mwaka 1009, ambayo mwanahistoria al-Maqrizi aliinakili karne nne baadaye, ilitoka katika mkono huohuo. Khalifa alifunga mapato ya majengo ya Fustat kwa ajili ya Al-Azhar na taasisi nyingine, na hati ikaingia hadi kwenye bei ya mikeka, mafuta ya kandili, ubani, na ujira wa khatibu na waadhini. Ni hati nzuri sana kuisoma, kwa sababu inaonyesha kwamba utukufu wa msikiti ule ulisimama juu ya kodi za nyumba na maduka.

Mkono mmoja unaotoa huweza pia kuchukua, na mwaka 1171 ulichukua. Salah al-Din alipouangusha utawala wa Kifatimi hakuwa na haja ya kuubomoa msikiti. Kadhi wake wa Kishafii alishikilia rai kwamba mji mmoja haufai kuwa na sala mbili za Ijumaa, hotuba ikahamishiwa msikiti wa al-Hakim, na mshipi wa fedha uliokuwa kwenye mihrabu ya Al-Azhar ukabanduliwa. Al-Maqrizi anautaja kuwa na uzito wa dirhamu 5,000. Elimu ya Kiismaili ilikatika kabisa mahali hapo. Masomo mengine hayakufa yote, kwani tabibu Abd al-Latif wa Baghdad alipofika Cairo mwishoni mwa karne ya 12 alisomesha humo, lakini riziki ilikuwa imehamia kwingine. Salah al-Din alijenga madrasa mpya za Kisunni na kuziwekea wakfu zake. Mojawapo, ya madhehebu ya Maliki, ilijulikana mjini kwa jina la al-Qamhiyya kutokana na ngano iliyogawiwa wanafunzi wake kutoka mashamba ya wakfu huko Fayyum. Watu wa Cairo waliitambua shule kwa chakula chake, na sioni kwamba walikosea. Mwanafunzi aliyetoka mbali bila jamaa wala fedha alikwenda palipokuwa na ngano.

Kwa hiyo ile kauli ya miaka elfu bila kukoma inahitaji kurekebishwa. Kati ya mwaka 1171 na mwaka 1266 Al-Azhar ilikuwa msikiti wa pembeni, na kama hali isingebadilika huenda leo tungeijua kama jengo la watalii tu. Ilibadilika kwa sababu mbili zilizokutana. Ya kwanza ni kwamba Baghdad iliangukia mikononi mwa Wamongolia mwaka 1258, na Cairo ikabaki kuwa mji mkubwa kuliko yote ambamo mwanazuoni wa Kisunni aliyekimbia angepata hifadhi. Ya pili ni kwamba amiri mmoja, Izz al-Din Aydamur al-Hilli, aliyekuwa akiishi jirani na msikiti, alisikitishwa na hali yake. Aliyadai maeneo ya msikiti yaliyonyakuliwa na watu, akatengeneza kuta na dari kwa fedha zake na za Sultani Baybars, na mwaka 1266 hotuba ya Ijumaa ikarudi.

Tofauti kati ya marejeo hayo na mwanzo ule wa Kifatimi ni kubwa, nayo ndiyo inayobeba hoja yangu yote. Wamamluki, askari wenye asili ya utumwa waliotawala Misri kwa miaka zaidi ya 250, hawakuwa mfuko mmoja. Walikuwa maamiri wengi wenye mali, kila mmoja akijua kwamba sultani angeweza kumnyang'anya kila kitu siku atakapomchukia, na kwamba cheo chake hakirithiwi na mwanawe. Mali iliyowekwa wakfu ilikuwa vigumu kuichukua kwa sababu sheria iliihesabu kuwa imetolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na mwenye kuitoa aliruhusiwa kuweka sharti kwamba watoto wake ndio watakaoisimamia na kupata fungu lake. Uchamungu na hesabu ya dunia vilikutana katika hati moja. Sioni sababu ya kuwadharau kwa hilo, maana matunda yake yalikuwa makubwa. Madrasa ya Taybars ilijengwa ubavuni mwa Al-Azhar mwaka 1309, ya Aqbugha ikafuata miaka thelathini hivi baadaye, ya Jawhar mwaka 1440, na minara ya Qaytbay na al-Ghuri, ule wenye vichwa viwili, ikapanda mwishoni mwa zama hizo. Nyuma ya kila jengo palikuwa na maduka, mabafu ya umma, mashamba na nyumba za kupangisha zilizolipa gharama zake. Hapakuwa na mtu mmoja aliyeweza kuamka asubuhi na kuukata mkate wote.

Al-Maqrizi ametuachia picha ya ndani ya maisha hayo, na inafaa kuitazama kwa karibu. Anaeleza kwamba mwaka 818 Hijria, yaani 1415, walikuwamo ndani ya Al-Azhar watu 750 waliokuwa wakikaa humo usiku na mchana. Walikuwapo Waajemi, watu wa Zayla wa pwani ya Pembe ya Afrika, watu wa vijijini Misri na Wamaghribi. Kila kundi lilikuwa na riwaki yake, yaani baraza ya nguzo iliyotengwa kwa ajili yao, ambamo walilala, wakaweka masanduku yao na kusoma. Msikiti, anasema, ulikuwa haukosi mtu anayesoma Kurani, anayedurusu fikihi, Hadithi, tafsiri au nahau, na matajiri walikuwa wakiwaletea vyakula, mikate na halua, hasa nyakati za sikukuu.

Kisha akaja amiri aitwaye Sudub, aliyepewa usimamizi wa msikiti mwaka huohuo, akaamuru wakaazi wote watolewe pamoja na masanduku na makabati yao, kwa madai kwamba analitakasa jengo. Usiku mmoja alivamia baada ya sala ya Isha akiwa na watumishi wake na watu wengine, na waliokutwa wamelala walipigwa na kuporwa nguo, vilemba na fedha. Al-Maqrizi, aliyekuwa hai na akiishi Cairo wakati huo, hafichi hasira yake. Kwake yeye kuwatoa mafukara wale kulikuwa ni kuitoa roho ya msikiti, na anaandika kwa kuridhika kwamba amiri huyo hakukaa sana kabla ya kukamatwa na kufungwa. Ninakitaja kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinaonyesha mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kwamba chuo kile kilikuwa makazi ya maskini wa mataifa mengi, wakiwemo watu wa pwani yetu ya mashariki upande wa kaskazini, karne nyingi kabla ya kuwapo viza na udhamini wa serikali. Pili, kwamba msimamizi mmoja mbaya aliweza kuwadhuru watu hao lakini hakuweza kuwamaliza, kwa sababu waliorudi walikuta wafadhili wao bado wapo.

Waothmani walipoiteka Misri mwaka 1517 mtu angetarajia Al-Azhar idhoofike, kwa kuwa Cairo iligeuka kuwa mji wa jimbo huku makao ya dola yakiwa Istanbul. Kinyume chake ndicho kilichotokea. Madrasa nyingine za Cairo zilikufa moja baada ya nyingine kadiri wakfu zake zilivyoliwa, wanafunzi wake wakahamia Al-Azhar, na sultani wa mbali hakuwa na shauku ya kuingilia darsa za kila siku. Ni katika karne ya 17 ndipo tunapoanza kusikia habari za cheo cha Shekhe wa Al-Azhar, na wa kwanza anayetajwa na orodha nyingi ni al-Kharashi, mwanazuoni wa Maliki aliyefariki mwaka 1690. Mwanzoni maulamaa wenyewe ndio waliokuwa wakiafikiana juu ya nani ashike cheo hicho, na walipogombana, nao waligombana sana, walitafuta mshindi miongoni mwao kabla watawala hawajatia mkono. Katika karne ya 18 Abd al-Rahman Katkhuda, ofisa wa kijeshi mwenye mali nyingi, alipanua ukumbi wa sala, akajenga lango kubwa ambalo mpaka leo mgeni huingilia, akaongeza riwaki na posho za chakula, na akazikwa humohumo. Kabla yake, Uthman Katkhuda alikuwa amejenga zawiya maalumu, yaani nyumba ndogo ya ibada na masomo, kwa ajili ya wanafunzi vipofu, wenye shekhe wao na wakfu yao.

Hao vipofu hawakuwa wanyonge. Edward Lane, Mwingereza aliyeishi Cairo katika miaka ya 1820 na 1830, anakadiria kwamba walikuwa wapatao 300 na kwamba walisifika kwa kuasi walipoona wamedhulumiwa. Mwaka 1777 nguvu ya aina hiyo ilionekana mji mzima. Wanafunzi wa riwaki ya Wamaghribi walikuwa wamedai mali ya wakfu iliyokuwa yao, na amiri Yusuf Bey akakataa kuiheshimu haki hiyo, akawakamata waliopeleka ujumbe. Maulamaa, wakiongozwa na Shekhe Ahmad al-Dardir, walisimamisha masomo, wakafunga milango ya msikiti, adhana ikanyamaza, vijana wakapanda minarani kuwaombea maamiri maangamizi, na masoko ya jirani yakafunga maduka. Maamiri walilazimika kuzungumza. Ukitafuta mfano wa uhuru wa Al-Azhar kabla ya zama za katiba, hapo ndipo pa kuutazama: watu waliokula kwa wakfu wakiifunga Cairo kwa ajili ya wakfu.

Uvamizi wa Wafaransa umesimuliwa mara nyingi, nami sitamchelewesha msomaji hapo. Oktoba 1798 watu wa Cairo waliinuka, Al-Azhar ikawa makao ya uasi huo, Bonaparte akaipiga kwa mizinga kutoka juu ya vilima, na askari wake wakaingia na farasi hadi ndani. Mwanahistoria Abd al-Rahman al-Jabarti, ambaye ukoo wake ulikuwa umeiongoza riwaki ya watu wa Jabart kutoka Uhabeshi kwa vizazi kadhaa, aliandika jinsi walivyofunga farasi upande wa kibla, wakavunja kandili na masanduku ya wanafunzi, na kuvitupa vitabu chini. Mwaka 1800 mwanafunzi Sulayman al-Halabi alimuua Jenerali Kléber, kamanda wa jeshi la Kifaransa, na msikiti ukafungwa mpaka Wafaransa walipoondoka. Lilikuwa pigo zito, lakini lilipita. Pigo ambalo halikupita lilitoka kwa mtu ambaye maulamaa wenyewe walimvika joho la utawala.

Mwaka 1805 viongozi wa mji, mbele yao wakiwa Umar Makram, kiongozi wa masharifu, na Shekhe Abdallah al-Sharqawi wa Al-Azhar, walimkataa gavana wa Kiothmani na kumteua Muhammad Ali, kamanda katika jeshi la Kiothmani, mahali pake. Haikuwa imetokea kabla ya hapo wala haijatokea tena kwamba watu wa vilemba wamsimamishe mtawala wa Misri. Miaka minne baadaye Muhammad Ali aligeukia ardhi. Sehemu kubwa ya mashamba ya Misri ilikuwa imetengwa kwa ajili ya misikiti, vyuo na mambo ya kheri, bila kulipa kodi kamili, naye alihitaji fedha za jeshi. Akadai hati, akatoza kodi, na Umar Makram akakataa kuafiki. Hapo ndipo yalipotokea yale ambayo kila anayeipenda Al-Azhar huyasoma kwa uchungu. Baadhi ya mashekhe wakubwa walimwacha mwenzao peke yake. Mwaka 1809 Makram akapelekwa uhamishoni Dumyat, na Shekhe Muhammad al-Mahdi, mmoja wa waliomgeuka, akaomba na kupewa usimamizi wa wakfu ya Sinan Pasha huko Bulaq na ya kaburi la Imamu Shafii, ambazo mpaka wakati huo zilikuwa mikononi mwa Makram. Al-Jabarti alikuwepo, na maelezo yake hayamwonei mtu haya. Ndani ya miaka michache iliyofuata ardhi za wakfu za mashambani ziliingizwa katika mali ya serikali, kwa fidia ndogo isiyolingana na mapato yaliyopotea.

Kisa cha al-Mahdi ni jibu kwa yeyote anayeisifia wakfu kupita kiasi. Wakfu haikuwafanya watu kuwa malaika. Usimamizi wake ulikuwa na faida, na faida hiyo iliwagawa maulamaa wakati ule ule walipohitaji kusimama pamoja. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kuwa matajiri kwa kusimamia mali za Mungu, na tajiri ana mengi ya kupoteza. Hata hivyo siwezi kukubaliana na hitimisho ambalo serikali za baadaye zilipenda kulitoa, kwamba kwa kuwa wasimamizi waliiba, basi afadhali dola iwe msimamizi pekee. Aliyeiba wakfu moja aliumiza riwaki moja, lakini dola ilipozichukua zote, riwaki zote ziliumia siku moja.

Matokeo yake Lane aliyaona kwa macho yake. Anaandika kwamba walimu wa Al-Azhar hawakuwa na mshahara wowote, na kwamba asiyekuwa na urithi aliishi kwa kufundisha majumbani, kunakili vitabu na kupokea zawadi za matajiri. Wakati huohuo Muhammad Ali alikuwa akifungua shule zake mwenyewe, na aliwachukua wanafunzi walewale: shule ya utabibu iliyofunguliwa mwaka 1827 ilijazwa na vijana wa Al-Azhar, na imamu aliyefuatana na wanafunzi waliopelekwa Paris mwaka 1826, Rifa'a al-Tahtawi, alitoka humohumo. Kwa hiyo husemwa kwamba Al-Azhar ilibaki nyuma kwa sababu ilikataa elimu mpya. Wapo walioikataa kweli. Lakini Hasan al-Attar, mwalimu wa al-Tahtawi, aliyekuwa Shekhe wa Al-Azhar tangu mapema miaka ya 1830 hadi kufariki kwake mwaka 1835, alihimiza hesabu, falaki na utabibu waziwazi. Walimu wasiolipwa, katika chuo kilichonyang'anywa mashamba, wanashindanishwa na shule zilizolipiwa na mashamba hayohayo. Mimi sioni haki katika kuwalaumu kwa uzembe.

Marekebisho yalipokuja, yalikuja kwa njia ya hazina. Mwaka 1872 uliwekwa mtihani rasmi kwa anayetaka kutambuliwa kuwa mwanazuoni, jambo ambalo zamani lilitegemea ijaza, yaani idhini ya kusomesha, ya mwalimu mmojammoja. Mwaka 1895 liliundwa baraza la uendeshaji ambamo mwanazuoni mwanamageuzi Muhammad Abduh alikuwa ndiye injini, naye alipigania mishahara ya walimu, mgao wa mkate, maktaba, usafi na matibabu ya wanafunzi. Watu humkumbuka Abduh kwa fatwa na tafsiri, lakini alitumia miaka yake ya mwisho katika mambo ya namna hiyo, na nadhani alijua anachofanya. Alijua pia hatari yake. Akiwa mjumbe wa baraza la wakfu alipinga mpango wa Khedive Abbas, mtawala wa Misri, wa kubadilishana ardhi yake na ardhi ya wakfu, na uadui uliozuka hapo ulichangia kumfanya ajiuzulu Al-Azhar mwaka 1905, miezi michache kabla ya kufariki.

Yaliyofuata yalikwenda mkondo mmoja. Sheria ya mwaka 1930 ilipanga vyuo vitatu, cha misingi ya dini, cha sharia na cha lugha ya Kiarabu. Baada ya mapinduzi ya 1952 wakfu za familia zilifutwa, na mwaka 1953 wakfu za kheri ziliwekwa chini ya wizara. Hatimaye sheria namba 103 ya mwaka 1961 iliiweka Al-Azhar chini ya dola moja kwa moja, ikampa Rais uwezo wa kumteua Shekhe Mkuu, na kuongeza vitivo vya utabibu, uhandisi na kilimo. Siwezi kuisema sheria hiyo vibaya tu. Iliwafungulia wasichana mlango wa chuo, na mlango huo haujafungwa tena. Daktari aliyehifadhi Kurani na kusoma fikihi kabla ya kusoma mwili wa binadamu ni jambo ambalo al-Attar angelifurahia. Lakini ukiitazama pamoja na sheria za wakfu zilizoitangulia, unaona kwamba mkate ulikuwa umerudi katika mkono mmoja, kama ulivyokuwa zama za Yaqub bin Killis, na sauti ya mimbari katika miongo iliyofuata ilikubaliana na dola mara nyingi kuliko ilivyopingana nayo.

Leo mjadala umehamia kwenye cheo. Marekebisho ya Januari 2012 yalilirudisha Baraza la Maulamaa Wakuu lenye wajumbe 40, nalo ndilo litakalomchagua Shekhe Mkuu nafasi itakapokuwa wazi. Wa sasa, Ahmad al-Tayyib, aliteuliwa na Rais Mubarak mwaka 2010 chini ya utaratibu wa zamani. Kifungu cha 7 cha katiba ya mwaka 2014 kinasema Al-Azhar ni taasisi huru, Shekhe wake hawezi kuondolewa, na dola itatoa fedha za kutosha kwa ajili ya malengo yake. Wengi walishangilia sehemu mbili za kwanza. Sehemu ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa kuwa fedha za kutosha hupimwa na yule anayezitoa.

Februari 2017 kinga hiyo mpya ilijaribiwa. Rais al-Sisi alikuwa ametaka sheria ya kutoitambua talaka ya mdomo isiyoandikishwa, na Baraza la Maulamaa Wakuu likajibu kwa kauli moja kwamba talaka iliyotimiza nguzo na masharti yake ni sahihi hata kama haikuandikwa, ingawa mwenye kuitoa anawajibika kuiandikisha mapema. Mtu anaweza kuwa na rai yake juu ya suala lenyewe, nami naona madhara wanayopata wanawake walioachwa bila hati ni ya kweli na yanahitaji dawa. Ila kisiasa, jibu lile lilionyesha kwamba watu wachache wasioweza kufukuzwa wanaweza kusema hapana. Waliosema hivyo ni wazee wenye kinga ya katiba. Mwalimu wa shule ya Al-Azhar katika kijiji cha Misri ya juu, yaani kusini, hana kinga hiyo; mshahara wake unatoka hazina kila mwezi, na mtaala anaosomesha hupangwa Cairo. Mwaka 1777 waliofunga milango ya msikiti walikuwa wanafunzi, vipofu na walimu wa kawaida, na waliweza kufanya hivyo wakijua kwamba chakula cha usiku ule hakikutoka jikoni kwa Yusuf Bey. Wanaodai uhuru kamili wa Al-Azhar wangefanya vyema kuidai wakfu yake kwanza, irudishwe kwa hati, isimamiwe na mabaraza mengi badala ya ofisi moja, na hesabu zake zitangazwe hadharani kila mwaka ili asipatikane tena Shekhe al-Mahdi mwingine wa kumwomba mtawala usimamizi wake.